Kutazama nyangumi na watoto: nahodha hodari, majaketi ya aibu

Nyangumi walikuwepo. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nimekasirika kwa sababu ya kuwakosa. Walikuwepo mama na ndama wake, karibu kabisa, na nahodha aliwaendea kwa adabu ambayo manahodha wengi wa utalii hawana. Lakini kabla hatujaondoka, kijana aliyekuwa akigawa majaketi okozi alimvika mwanangu wa kilo 18 jaketi la mtu mzima. Alivuta mikanda mpaka ikaisha, akapiga fundo kwenye kipande kilichobaki, kisha akaniambia, "Mama, bahari leo shwari. Hili ni la kutimiza sheria tu."

La kutimiza sheria tu! Sauti hiyo bado iko masikioni mwangu.

Anayefanya kazi kwenye boti na hajui kwa nini jaketi la mtu mzima ni hatari kwa mtoto asiguse watoto wa watu. Mtoto akitumbukia, jaketi linaelea, yeye haelei nalo. Povu la ndani ya jaketi linapanda juu na mwili unabaki chini, kola inafika masikioni, kidevu kinatumbukia ndani. Akinyoosha mikono juu, na kila mtoto aliyeshtuka hunyoosha mikono juu, anachomoka kwa chini. Kukaza mkanda wa kiunoni hakusaidii, maana mtoto mdogo hana nyonga za kuuzuia usipande. Ndiyo maana jaketi la mtoto lina mkanda unaopita katikati ya mapaja. Lina pia kola nene nyuma ya shingo, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake na kinaweza kumgeuza kifudifudi. Na lina mshikio juu ya mgongo, ili mtu aliye kwenye boti amnyakue kwa mkono mmoja. Lile alilovishwa mwanangu halikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Saizi ya jaketi la mtoto hupimwa kwa kilo. Imeandikwa ndani, kwenye kitambaa kilichoshonwa upande wa mgongoni, na kama maandishi yamefutika, jaketi hilo likatae. Chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, ule wa SOLAS wa 1974, jaketi la mtoto ni la kilo 15 hadi chini ya 43, na walio chini ya kilo 15 wana lao la watoto wachanga. Meli za abiria zinazofuata mkataba huo hutakiwa kuwa na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ya hapo, mpaka kila mtoto apate lake. Boti ndogo za matembezi mara nyingi zina kanuni zao, sawa. Lakini mwili wa mtoto majini haubadiliki kwa sababu boti ni ndogo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba fomu ya kuweka nafasi ilitaka umri wa kila mtoto. Waliutaka wa nini? Wa nauli. Uzito hawakuuliza. Nilipodai majaketi ya watoto, lilitolewa moja chini ya benchi, lina ukungu, kifungo chake kimevunjika, na povu limekuwa gumu kiasi kwamba ukilibonyeza halirudi. Povu la hivyo limekwisha kazi. Kijana akalishika mbele yangu kama ushahidi kwamba wanayo.

Nahodha ndiye aliyeokoa mambo. Alisikia ubishi, akazima injini, akavuka mwenyewe hadi boti ya jirani na kurudi na mawili ya saizi sahihi. Alimvika mwanangu, akafunga mkanda wa mapajani, kisha akamwambia ainue mikono, akashika jaketi mabegani na kulivuta juu. Halikupita kidevu. Hicho ndicho kipimo chenyewe, hakichukui hata nusu dakika, na mzazi yeyote anaweza kukifanya gatini. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Mtoto apimwe akiwa amevaa zile nguo atakazovaa safarini, kwa sababu sweta nene ikivuliwa baadaye jaketi linalegea.

Pale nilikuwa tayari kumpa nyota zote.

Na kwa nyangumi alistahili. Alipunguza mwendo tukiwa mbali bado, akaja kwa ubavu, nyuma kidogo, akienda sambamba nao. Hakuwakata njia, hakuingia kati ya mama na ndama, na alibaki umbali wa kama mita 100, ambao ndio mpaka katika kanuni za nchi nyingi, ingawa penye ndama baadhi hutaka zaidi. Mama alipoamua mwenyewe kutusogelea, alitoa gia na kungoja. Boti nyingine ilikuja kwa kasi kutokea mbele yao, nyangumi wakazama, na nahodha wetu hakuwakimbiza.

Ila kungoja ndiko kunakowamaliza watoto, na wahudumu hawakusema neno juu ya hilo. Boti ikiwa mwendoni hukata mawimbi kwa omo, yaani kwa mbele, na tumbo linatulia. Ikisimama, inageuka ubavu kwa mawimbi na kuanza kuyumba. Moshi wa dizeli nao hurudi tezini, yaani nyuma ya boti, mahali ambapo familia hupenda kukaa kwa sababu kuna benchi pana. Nyangumi mkubwa mwenye nundu anaweza kukaa chini dakika 10 au 15 bila taabu yoyote, na robo saa hiyo inatosha kuwatapisha watoto wote mliokuja nao. Wenye miaka kati ya 2 na 12 ndio hulevywa na bahari kuliko watu wengine. Wakalishe katikati ya boti, sitaha ya chini, kwenye upepo, macho yao kwenye upeo wa bahari. Ghorofani kunaonekana vizuri lakini kunayumba zaidi. Simu isitolewe mfukoni. Darubini nayo mtoto asipewe boti ikiwa imesimama, kwani inakuza myumbo pamoja na nyangumi.

Dawa ya kuzuia kutapika hunywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, kwa kipimo cha mfamasia kulingana na umri na uzito. Kichefuchefu kikishaanza, dawa hiyo imechelewa. Ijaribu kwanza siku ya kawaida nyumbani, kwa sababu watoto wengi huwalaza na wachache huwafanya wahangaike, na mtoto anayehangaika si wa kupanda naye boti. Tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Mpe kitu kikavu kidogo kidogo, na maji.

Watoto wapewe pia kazi ya kufanya wakati wa kungoja. Ndama hawezi kukaa chini muda mrefu kama mama yake, kwa hiyo hupanda kuvuta pumzi mara nyingi zaidi. Waambie waangalie alipoibuka ndama, mama huenda akatokea karibu na hapo. Waangalie pia duara la maji laini kama yamepakwa mafuta: mkia ndio uliolichora, na nyangumi ameshapita hapo. Wanangu waliliona kabla ya watu wazima, na furaha yao ile nilitaka niifurahie yote.

Sikuweza, na sababu ilikuwa mbele yangu. Mtoto wa familia nyingine, mdogo kuliko wangu, alibaki kwenye jaketi la mtu mzima lenye fundo safari nzima. Nahodha alimwona, wazazi wake hawakudai, na boti ikaondoka. Nahodha yule yule! Ikiwa anajua kipimo, na anajua boti ya jirani ina majaketi, kwa nini aliyepigiwa kelele apate na aliyenyamaza akose? Nikifika hapo sifa zote nilizomwagia zinanikaa vibaya.

Basi piga simu kabla ya kulipa. Usiulize kama wana majaketi ya watoto, watajibu ndiyo. Uliza ni ya kilo ngapi hadi ngapi, mangapi, na kama yana mkanda wa mapajani. Anayeanza kubabaika hana. Ukiweza, nunua la mwanao uje nalo, la povu, si la kujijaza hewa.

Nyota: niliweka nne, nikashusha hadi moja. Sasa nimeacha mbili, zote za nahodha, na hata hizo sina uhakika nazo. Kampuni yenyewe haina hata moja mpaka siku nitakapoona majaketi mapya ya watoto yamepangwa kwa kilo pale gatini, na kijana yule hayuko zamu.