Uzoefu wangu na seti ya bomba la kurudishia oili ya tabo

Nilinunua seti hii kwa sababu injini ninayoifanyia kazi haikutoka kiwandani ikiwa na tabo (kifaa kinachotumia moshi wa ekzosi kuisukumia injini hewa zaidi), kwa hiyo sampu yake, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, haikuwa na tundu la kupokea oili inayorudi. Ndani ya boksi nilikuta flanji (bamba la kuungia bomba kwenye tabo) ya alumini pamoja na gasketi yake na bolti mbili za M8, mpira wa silikoni wenye kipenyo cha ndani cha milimita 16, klipu mbili, kiungio cha chuma cha kuchomelea kwenye sampu, na karatasi moja ya maelekezo ambayo ingekuwa heri isingewekwa kabisa.

Upana wa bomba nimeuridhia. Oili huingia kwenye tabo kwa kibomba chembamba kwa kuwa inasukumwa na pampu, lakini ikishapita kwenye beringi za mhimili unaoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hutoka ikiwa imechanganyika na hewa hadi kuwa povu, na hakuna kinachoishusha isipokuwa uzito wake yenyewe. Povu linahitaji nafasi. Tena mhimili huo hauzuiwi oili na sili ya mpira kama ile ya krenkishafti, mhimili mkuu wa injini. Unazo ringi nyembamba za chuma, mithili ya zile za pistoni, ambazo hazina uwezo wa kuzuia oili iliyokosa pa kwenda. Ndiyo maana tabo nzima kabisa huweza kutoa moshi wa buluu na kuhukumiwa kuwa imekufa, ilhali kosa liko kwenye bomba la chini yake.

Mchoro wa maelekezo unaonyesha kiungio kikichomelewa katikati ya ubavu wa sampu. Kabla ya kutoboa nilipima kina cha oili kwa kijiti chake, nikaona kwamba mahali hapo pangezama injini ikiwa imejazwa hadi alama ya juu, na bomba linaloishia chini ya uso wa oili hupunguza kasi ya oili inayoshuka. Nikapanda hadi karibu na ukingo wa juu wa sampu. Wapo wanaotoboa bila kuishusha sampu, wakipaka grisi kwenye ncha ya drili ili inase vumbi la chuma. Mimi niliifungua, nikaichomelea nje na kuiosha mara mbili, kwani chembe moja iliyobaki ndani ningeiwaza kila nikiwasha gari.

Hata hivyo nilikosea penginepo. Ili mpira ukwepe mkono unaoshikilia injini, niliuacha ushuke, ulale kidogo, kisha upande kuingia kwenye kiungio. Dakika chache baada ya kuwasha, gari likiwa limesimama katika mzunguko wa chini, moshi wa buluu ukaanza kutoka kwenye ekzosi. Oili ilikuwa inatuama katika lile tumbo la mpira. Nililegeza bolti za sehemu ya kati ya tabo, nikaizungusha mpaka tundu la kutolea oili likaelekea chini, kwani halipaswi kuinama zaidi ya takriban nyuzi 35 kutoka wima, kisha nikakata mpira uwe mfupi na wenye mteremko mwanzo hadi mwisho. Moshi ulipungua kadiri oili iliyobaki kwenye ekzosi ilivyoungua, kisha ukaisha.

Lawama yangu kubwa kwa mtengenezaji ni mpira wenyewe. Silikoni ya kawaida, isiyo na utando wa ndani wa kuhimili oili, hupenyeza oili polepole. Huu ulianza kutoa jasho na kulainika kabla sijazoea kuutazama. Nimeweka mwingine uliotengenezwa mahususi kwa oili ya moto, nikauvika soksi ya kuzuia joto kwa sababu unapita karibu na ekzosi. Karatasi hiyo hiyo inashauri pia kupaka gundi ya silikoni kwenye gasketi ya flanji. Sikupaka. Gundi inayobanwa hutokeza kwa ndani, ikamenyeka na kuziba njia ile ile tunayohangaika kuiacha wazi.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza nilimimina oili safi kwenye tundu la juu la tabo, nikachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, na kuzungusha injini kwa stata hadi oili ikaonekana kwenye bomba la kurudishia nililokuwa nimeliachia wazi juu ya chombo. Maelekezo hayakutaja hatua hii hata kwa neno moja.

Flanji na kiungio ningevinunua tena bila kusita, maana nyuso zake zimesawazishwa vizuri na gasketi imebaki kavu. Klipu ya juu nimelazimika kuikaza upya mara moja, baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa.