Chumba cha karani Moshi, nendeni. Kile cha jela, mh!

Kwa wenzangu wenye ugonjwa wa mafumbo: kama mnapanga kushuka Moshi wikiendi kucheza vyumba vya kutoroka, lipieni chumba cha karani wa kahawa. Hela ya chumba cha jela kaleni mtori. Sisi tulilipia vyote viwili, nasema nikijua.

Tulitoka Arusha Jumamosi asubuhi kwa Coaster, kilomita kama 80 tu, timu ya watu sita: mwalimu wa hisabati, mhasibu, fundi simu, wanachuo wawili, na mimi niliyewasumbua mpaka wakakubali. Kwa asiyeujua mchezo: mnafungiwa ndani, mna dakika 60, mnapekua, mnafumbua, mlango unafunguka au mnatolewa kwa aibu.

Chumba cha karani kimepangwa kama ofisi ya ushirika ya miaka ya 1930, enzi zile KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, imeanzishwa (1933). Magunia, daftari la wakulima, ramani ya reli ukutani, na mizani ya kweli inayofanya kazi. Kila gunia limeandikwa jina la mkulima, ila kilo za daftarini hazilingani na za mizani. Mhasibu wetu alilinusa hilo kabla hatujatulia: karani alikuwa anawapunja watu! Zile kilo zilizopunjwa, ukizifuata kwa mpangilio wa daftari, ndizo namba za kufuli la droo. Hapo ndipo waliponikamata. Kufungua kufuli na kumnasa mwizi ni kazi moja.

Kwenye droo mna tiketi ya treni na tochi ya mwanga wa zambarau, kama ile ya kukagulia noti bandia. Ukimulika ramani, stesheni zinang'aa: Kahe, Same, Mombo, Korogwe, Muheza, Tanga. Tukakwama. Mwalimu akaanza kuhesabu herufi, akajaza karatasi nzima na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mwishowe tukaomba msaada kwa simu ya upepo, na dada msimamizi, aliyekuwa anatutazama kwenye kamera, akauliza tu: "Tiketi mmeisoma yote?" Akanyamaza. Mwanachuo mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kwetu Kahe si ndiyo njia panda?" Jamani! Pale reli inagawanyika, mkono mmoja Tanga, mwingine Voi, na tiketi ilikuwa na tundu dogo upande wa Voi. Mzigo ulivushwa Kenya, sisi tunamsaka karani Tanga. Tulitoka dakika za mwisho kabisa, mwalimu bado ana kalamu mkononi.

Yule dada apewe maua yake. Nimecheza kwingine msimamizi anakurushia majibu kama anawahi daladala.

Sasa jela. Takao Kato alipoanzisha michezo hii Kyoto, Japani, mwaka 2007, sidhani aliwaza kwamba ulimwengu mzima utaishia kujenga selo ileile ya Marekani. Nguo za chungwa, pingu za plastiki, namba za Kirumi ukutani, maelezo yote Kiingereza. Ungeniambia tuko Dubai ningekubali. Kufuli zilikuwa nyingi kuliko mawazo: unafungua moja unakuta ufunguo wa nyingine, basi.

Halafu katikati ya mchezo umeme ukakatika. Mlango ulikuwa na kufuli la sumaku, na sumaku hiyo hushika kwa umeme tu, kwa hiyo mlango ukaachia wenyewe, taratibu, sisi tumesimama tunautazama. Kwa usalama ndivyo inavyotakiwa, moto ukitokea watu wasibaki ndani, na hilo siwalaumu. Kilichoniudhi ni kijana wa zamu hiyo kutuletea kibao cha "TUMETOROKA" ili tupige picha, eti tumeshinda! Tukaomba kurudia, akasema ratiba imejaa. Kurudishiwa hela, hapana. Wafunge betri ya akiba au waseme mapema.

Bei ni 25,000 kwa kichwa kila chumba. Kwa karani nalipa tena hata kesho.

Jumapili tulipanda Marangu kuona mahandaki waliyochimba Wachagga kujificha wakati wa vita na Wamasai. Unaingia umeinama, kiza kinene, na mwongozaji anakueleza kilichompata adui aliyetangulia kuingiza kichwa. Fundi simu aligoma mlangoni.

Nafasi mnaweka kwa simu na wanataka nusu ya malipo kwanza. Wanaruhusu sita, ila sita kwenye chumba cha karani mnakanyagana, wawili wanabaki kushika magunia. Nendeni wanne, ombeni zamu ya dada wa asubuhi, na mmoja wenu awe anaijua Kahe.