Kaunta ya jikoni: ipi ununue, na rangi gani

Anayekarabati jiko huanza na rangi. Ameona picha mahali, imemkaa moyoni, anamwonyesha fundi na kusema anataka hiyo hiyo. Lakini hakuna kaunta inayoharibiwa na rangi. Huharibikia sehemu tatu: kingo za tundu la sinki, maungio, na pale kando ya jiko panapotuliwa sufuria ya moto. Mpangilio ulio hapa chini nimeufuata kwa kuangalia kaunta ipi inahimili sehemu hizo tatu. Rangi inafuata baadaye.

1. Graniti

Kama mfuko unaruhusu, ishia hapa. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, kwa hiyo kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Kitakachopata hasara ni makali ya kisu. Sufuria ikitoka motoni ukaitua juu yake, haitaacha alama.

Udhaifu wake ni kunywa. Graniti ina vinyweleo, na mafuta yakiingia humo hutoka kwa shida. Ukifika kwa muuzaji, omba kipande kisichopakwa dawa, kidondoshee maji matone machache, kisha uendelee kuangalia mengine kwa muda wa robo saa. Ukirudi, futa. Pakiwa pamebaki duara lenye giza, jiwe hilo linakunywa, na utalazimika kulipaka dawa ya kuziba vinyweleo kila baada ya muda. Kwa kawaida zile nyeupe na za kijivu chepesi hunywa kuliko nyeusi. Njia hiyo hiyo ya matone itakuonyesha nyumbani kama dawa imeisha nguvu.

Kwa graniti nyeusi ya bei ya chini mno, fanya jaribio la pili: chovya kitambaa cheupe kwenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue kwa nguvu. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe limetiwa rangi, na rangi hiyo itachujuka kwa kuoshwa. Muuzaji akikataa usijaribu, jibu umeshalipata.

Halafu kuna uzito. Bamba la unene wa milimita 30 lina takriban kilo 80 kwa kila mita ya mraba. La milimita 20 lina kama kilo 55. Kabati zilizolegea zitapinda, na kabati ikipinda jiwe litapasuka, karibu kila mara kwenye ule utepe mwembamba ulio mbele au nyuma ya sinki.

2. Kwatzi ya kiwandani

Kwa uzito, karibu asilimia 90 yake ni kwatzi iliyosagwa, na kinachoishikanisha ni rezini, gundi ya jamii ya plastiki. Hainywi wala haihitaji dawa, na ukitaka rangi moja tulivu isiyo na mabaka, hakuna inayoishinda. Mbona basi ni ya pili? Ni hiyo rezini. Inaanza kuharibika kwenye joto la nyuzi 150 hivi, na kikaango chenye mafuta huvuka hapo bila wewe kujua. Alama inayobaki haifutiki. Jua kali nalo huigeuza kuwa ya njano, kwa hiyo usiiweke jiko la nje.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakugusia. Vumbi lake wakati wa kukatwa lina silika nyingi, na fundi anayelivuta kwa muda mrefu huugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Australia ilipiga marufuku mabamba haya kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo. Likishafungwa jikoni halina madhara kwako, lakini mwenye kulikata anastahili mashine inayotumia maji na barakoa ya maana. Ukiona karakana nzima imejaa vumbi jeupe, tafuta karakana nyingine.

3. Fomaika

Wapo watakaoshangaa kuiona juu hivi. Inadharauliwa kwa kuwa ni ya bei nafuu, wakati uso wake ni mgumu na haupitishi maji: ni karatasi nyingi zilizoloweshwa rezini, zikagandamizwa kwa joto. Imekuwepo tangu mwaka 1912. Kinachoiangusha ni chipbodi au MDF iliyo chini yake, yaani ubao wa chembe au unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi. Maji yakiifikia inavimba, fomaika inabanduka, na kilichovimba hakirudi.

Kazi yako, basi, ni kusimama hapo siku sinki inapofungwa. Fundi akishakata tundu, kabla hajaingiza sinki, pitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. Ukihisi ungaunga wa mbao, bado hajaziba. Ukingo wote upakwe vanishi au rangi ya mafuta, ukauke, ndipo silikoni iwekwe na sinki ikae. Ni kazi ndogo, na ndiyo inayoamua kama kaunta itaishi. Ukiweza kuongeza kidogo, agiza iwekwe juu ya plaiwudi isiyopenya maji. Na maungio yasiwe karibu na sinki hata kama kufanya hivyo kunaokoa kipande. Kukatia juu yake au kutua sufuria ya moto, sahau.

4. Stenlesi

Majiko ya hoteli na mikahawa yana stenlesi kwa sababu haiogopi maji wala moto. Omba daraja la 304. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, 316. Itakwaruzika tangu siku ya kwanza, na baada ya muda mikwaruzo inaungana kuwa sura moja isiyochukiza. Asiyevumilia mkwaruzo asiinunue. Bamba jembamba lisilo na ubao chini yake hulia kama debe.

5. Poseleni na akriliki

Poseleni imechomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200, kwa hiyo moto wa jikoni ni mchezo kwake. Kingo zake ndizo humeguka, na mara nyingi michirizi imechapwa juu tu: palipomeguka panaonyesha rangi nyingine. Inataka fundi mzoefu kwelikweli.

Akriliki huunganishwa mpaka usione ulipo mshono, na mkwaruzo unaondoka kwa msasa. Joto ndilo adui yake.

6. Mbao ngumu

Nzuri kwa macho na laini kwa mkono. Kwa kaunta ya katikati isiyo na sinki, ningeipandisha hadi ya tatu. Penye sinki inadai mafuta mara kwa mara, na maji yasiachwe yakatuama, la sivyo panakuwa peusi. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuipiga msasa ukaanza upya.

7. Vigae

Kigae chenyewe hakina neno. Grauti, ule ujazo wa katikati ya kigae na kigae, ndiyo hubeba uchafu wote. Ukivitumia, chagua vikubwa, mistari iwe michache, na grauti iwe ya epoksi.

8. Marumaru

Jiwe la kifahari kuliko yote, nami naliweka mwisho bila kusita. Ugumu wake ni 3 hivi, na limeumbwa kwa kalisiamu kaboneti, ambayo asidi huila. Tone la limau au siki likikaa kidogo huacha baka lililofifia, na hilo halisuguliki kwa sabuni kwa kuwa uso wenyewe umelika. Hakuna dawa ya vinyweleo inayozuia hilo. Terazo yenye chembe za marumaru ina ugonjwa huo huo. Anayelitaka kwa vyovyote vile, basi achague lisilong'arishwa. Mabaka hujificha kidogo.

Sasa rangi

Nyeusi inayong'aa ndiyo ngumu kutunza kuliko zote: vumbi, alama za vidole, na chumvi ya maji yaliyokauka vyote vinaonekana. Nyeupe tupu inaonyesha madoa ya bizari na chai, ila angalau inakuambia panapohitaji kufutwa. Rangi za kati zenye madoadoa, kijivu au hudhurungi, zinasamehe sana, na ndizo ningempa mtu mwenye watoto.

Usiamue dukani. Leta sampuli nyumbani uilaze bapa kwenye urefu wa kaunta, sentimita 90 hivi kutoka sakafuni, kwani ikisimamishwa ukutani inapokea mwanga tofauti. Iangalie asubuhi, kisha usiku taa ikiwaka. Taa ya njano ya kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga) hulifanya jiwe la kijivu lionekane la udongo. Taa nyeupe ya 6,500 huisukuma nyeupe kuelekea buluu. Weka kando yake mlango wa kabati na kigae cha ukutani. Kabati nyeusi na kaunta nyeusi ndani ya jiko dogo lenye dirisha moja ni giza tupu.

Kwa mawe ya asili, sampuli ya ukubwa wa kiganja haitoshi, maana mabamba mawili ya jina moja huweza yasifanane. Nenda ukaone bamba lenyewe, litie alama yako, na ukubaliane na fundi michirizi ielekee wapi.

Kabla hujalipa, hakikisha mkataba umetaja unene, aina ya ukingo, idadi ya maungio na mahali yatakapokaa, tundu la sinki, na kijifereji chembamba chini ya ukingo wa mbele kinachofanya maji yadondoke badala ya kutambaa hadi kwenye kabati. Vipimo vya mwisho vichukuliwe kabati zikiwa zimeshafungwa na kusawazishwa kwa pima maji. Fundi anayekata jiwe kwa kufuata mchoro tu, mwambie asubiri.