WhatsApp Business kwa duka dogo: majibu ya haraka ndiyo yanayoibeba

Programu ni ya bure, na kwa anayeuza nguo mtandaoni kitu chake cha maana kuliko vyote ni majibu ya haraka. Ingia kwenye zana za biashara, andika jibu mara moja, kwa mfano "Gauni 35,000. Dar tunaleta leoleo, mikoani tunatuma kwa basi", kisha lipe njia ya mkato: bei. Mteja akiuliza, andika /bei, uguse jibu, maneno yote yanajipanga yenyewe. Nafasi ziko 50. Kumi zinatosha, zikizidi utaanza kusahau ulizipa majina gani.

Salamu ya kukaribisha humfikia anayekuandikia mara ya kwanza, au baada ya siku 14 za ukimya. Mistari miwili basi. Salamu ndefu mteja anajua kabisa anaongea na mashine.

Inapochosha ni orodha ya matangazo, yaani kutuma ujumbe mmoja kwa wateja wengi kwa mpigo: asiyehifadhi namba yako haupati ujumbe. Mwombe aihifadhi wakati anathibitisha oda, si baada ya mzigo kufika. Ankara zitume kwa barua pepe, zikiwa PDF. Kwenye gumzo zinazama.