Kia EV9 baada ya miezi minane: siti saba kwa familia iliyopata pacha

Pacha wetu walipozaliwa Februari 2025, gari letu dogo la umeme halikuwa na kasoro yoyote isipokuwa moja, nayo ni kwamba siti yake ya nyuma haikuweza kupokea viti vitatu vya watoto, sembuse vinne. Tunaishi Leicester, Uingereza, ambako sheria inamtaka mtoto akae kwenye kiti chake maalumu mpaka atimize miaka 12 au afikie urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia, na tayari tulikuwa na binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Ukimwongeza mama mkwe wangu, anayeishi nasi na ambaye alinikanda na kunilea mpaka arobaini ikaisha, hesabu inafika watu saba kamili. Kwa zaidi ya miezi miwili tulikwenda kila mahali kwa mafungu mawili: mume wangu alipeleka la kwanza, kisha akarudi kuchukua la pili.

Mwezi wa Mei tulinunua Kia EV9 iliyotumika, gari kubwa la umeme, iliyosajiliwa mwanzoni mwa 2024. Ni toleo la Air, lenye mota moja inayoendesha magurudumu ya nyuma, betri ya kilowati-saa 99.8 (kilowati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) na siti saba. Nimesubiri miezi minane kabla ya kuandika tathmini hii kwa sababu gari la umeme halijulikani kabla halijapita katika majira ya baridi, na gari la familia halijulikani kabla halijajazwa watu wote waliokusudiwa, wakiwa na mizigo yao yote, katika siku ambayo kila mtu ana haraka.

Nianze na safu ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyotufanya tununue gari hili na ndiyo inayowahadaa wanunuzi wengi. Magari kadhaa ya siti saba yana safu ya tatu ya kutimiza idadi tu. Mercedes EQB, kwa mfano, ni gari zuri, lakini watengenezaji wenyewe wanasema siti zake za mwisho zinamfaa mtu asiyezidi urefu wa mita 1.65. EV9 ina urefu wa mita 5.01, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 3.1, na sakafu ni tambarare, hivyo mtu mzima anakaa nyuma kabisa bila magoti kugusa kifua. Mume wangu, mwenye urefu wa mita 1.78, alikaa huko kutoka Leicester mpaka Birmingham na akashuka bila kulalamika.

Hata hivyo, nafasi ni jambo moja na njia ya kuifikia ni jambo jingine. Safu ya pili ya gari la siti saba imegawanywa sehemu mbili, moja ya siti mbili zilizoungana na nyingine ya siti moja, na mtu huingia nyuma kwa kukunja mojawapo na kuisogeza mbele. Vifungo vya Isofix, yaani vyuma vya gari vinavyoshika kiti cha mtoto bila kutumia mkanda, katika safu hiyo viko kwenye siti za pembeni, kwa hiyo mzazi wa pacha atavutika kuweka mtoto mmoja kulia na mwingine kushoto. Akifanya hivyo atakuwa ameziba milango yote miwili ya kwenda nyuma, kwa sababu siti iliyofungiwa kiti cha mtoto haikunjiki ipasavyo katika magari mengi yenye mpangilio huu. Sisi tuliligundua hilo kwa muuzaji, kabla ya kutoa hata pauni moja, kwa kuwa nilikwenda na viti vyote vinne vya watoto, kigari cha pacha, na mama mkwe mwenyewe. Muuzaji alitupa muda wa saa nzima pale uwanjani tupange na kupangua, jambo ambalo ninamshukuru nalo mpaka leo.

Mpangilio tulioupata ni huu: pacha mmoja yuko pembeni kwenye Isofix, wa pili yuko katikati, kiti chake kikiwa kimefungwa kwa mkanda wa gari, kwani kitabu cha kiti hicho kinaruhusu, na siti moja iliyobaki inaachwa bila kiti cha mtoto. Wakubwa wanapita hapo kwenda safu ya tatu, kisha siti inarudishwa na Bibi, yaani mama mkwe, anakaa, wajukuu wawili wakiwa ubavuni mwake. Ilinibidi nitafute viti vya watoto vyembamba zaidi, vyenye upana wa sentimita 44, ili viwili vikae bega kwa bega. Mwenye pacha, au mwenye watoto wawili waliofuatana kwa karibu, apime jambo hili kwanza kabla ya kuuliza lingine lolote. Baadhi ya EV9 za siti sita zinazouzwa Ulaya zina siti za kati zinazozunguka kuelekea mlangoni, na ningezitamani sana kwa kumpakia mtoto mchanga, lakini siti sita hazitutoshi.

Mama mkwe ana magoti yanayomsumbua, na katika gari la zamani ilikuwa lazima ashikwe mkono, ainame, kisha ajidondoshe kwenye siti. Hapa siti iko karibu usawa wa nyonga zake. Anageuka, anakaa, anaingiza miguu, na haombi msaada wa mtu. Sikuwa nimeliweka hilo katika orodha ya sababu za kununua, lakini kila ninapomwona akipanda mwenyewe huku ameshika mkoba wake, naona fedha zetu zilikwenda mahali pake.

Buti inahitaji maelezo ya ukweli. Siti za nyuma zikikunjwa, kuna lita 828, na unaweza kubeba karibu kila kitu cha nyumba ndogo. Siti zote saba zikiwa na watu, zinabaki lita 333, ambazo zinapokea ununuzi wa wiki lakini hazipokei kigari cha pacha pamoja na masanduku. Tunavua magurudumu ya kigari na kukisimamisha wima, kisha mabegi laini yanajazwa pembeni. Chini ya boneti ya toleo la Air kuna nafasi nyingine ya lita 90, ambako tunaweka waya wa kuchajia na nepi, na nafasi hiyo imetusaidia mno, kwa kuwa hakuna haja ya kupakua buti yote kwenye mvua ili kutafuta waya. Toleo la mota mbili lina lita 52 tu hapo mbele. Kwa safari ya siku nyingi ya watu saba, tutahitaji sanduku la juu ya paa, na tumelikubali hilo.

Ukubwa huo una gharama mjini. Egesho la kawaida la Uingereza lina mita 4.8 kwa 2.4, maana yake gari hili linazidi mstari kwa sentimita 21 hata likiegeshwa kwa ustadi, na upana wake wa mita 1.98 unaacha sentimita 42 tu za kugawana pande mbili, bila kuhesabu vioo. Kumtoa mtoto mchanga na kiti chake katika upenyo wa namna hiyo ni kazi ngumu. Nimejifunza kuegesha mbali na mlango wa duka, mwisho wa safu, na mara nyingine kuwashusha wote kwanza kabla ya kuingia kwenye egesho. Familia ambayo haihitaji siti saba kila wiki ingefikiria Peugeot E-5008, ambayo ina siti saba pia na inaishia ndani ya mstari, ingawa kwa kubana, au hata Volkswagen ID. Buzz ndefu, ambayo si SUV (gari la juu lenye umbo la jipu) lakini ina milango ya kuteleza, na milango ya kuteleza ni neema kwa mwenye watoto wachanga.

Sasa umeme wenyewe. Gari letu la zamani lilikuwa na betri ya kilowati-saa 40 na lilitupa takriban maili nne kwa kila kilowati-saa. EV9 ina uzito wa zaidi ya tani 2.4 na kimo cha kusukuma upepo mwingi, hivyo mjini tunapata maili 3.2, kwenye barabara kuu 2.8, na katika baridi ya Desemba 2.5. Umbali rasmi wa toleo la Air ni maili 349 kwa chaji moja. Sisi tunahesabu 300 wakati wa kiangazi na 240 wakati wa baridi, na hatujawahi kuaibika kwa hesabu hiyo. Mwezi Desemba tulikwenda London kwenye harusi ya jamaa na kurudi siku hiyohiyo, maili 200 kwa jumla, watu saba, joto limewashwa muda wote, na tukafika nyumbani betri ikiwa na asilimia 17 bila kuchaji njiani. Safari kama hiyo kwa gari la zamani ilitulazimu kusimama mara mbili au tatu, na nakumbuka usiku mmoja tulipofika kwenye kituo cha barabarani ambako chaja mbili kati ya tatu zilikuwa zimekufa, mvulana wetu akalia kwa usingizi na njaa mpaka zamu yetu ikafika.

Mfumo wa volti 800 ndio unaolitofautisha gari hili na mengine mengi ya ukubwa wake, kwani kwenye chaja ya kilowati 350 linatoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 24. Ni muda wa kwenda msalani, kuswali na kubadili nepi mbili, na mara nyingi gari linakuwa tayari kabla yetu. Lakini mnunuzi aelewe kwamba kasi hiyo inategemea chaja: ukiichomeka kwenye chaja ya kilowati 50, kazi hiyohiyo itachukua karibu saa moja na nusu, kwa kuwa betri kubwa ni sawa na pipa kubwa, na mfereji mwembamba haulijazi haraka.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba asiye na mahali pa kuchaji nyumbani asilinunue. Chaja yetu ya ukutani ya kilowati 7.4 huongeza takriban maili 110 katika saa tano za usiku ambazo umeme ni wa bei nafuu, na hizo zinatosha kabisa kwa shule, kazi na madrasa ya jioni. Umeme wa nyumbani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, ilhali wa vituo vya hadharani hutozwa asilimia 20 juu ya bei ambayo tayari ni kubwa, na gari linalotumia umeme kwa kiasi hiki litakuonyesha tofauti hiyo kila mwezi.

Kuhusu bei, gari hili lilipoingia sokoni Uingereza lilianzia takriban pauni 65,000, kiasi ambacho hatukuwa nacho, na hatukutaka mkopo wa riba. Tuliuza gari la zamani, tukaongeza akiba ya miaka minne, tukapata lililotumika kwa karibu theluthi moja pungufu. Dhamana ya miaka 7 au maili 100,000 humfuata mmiliki mpya, kwa hiyo bado tunalindwa mpaka 2031 tusipovuka maili hizo. Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji sana: tangu tarehe 1 Aprili 2025, magari ya umeme nayo yanalipa kodi ya barabara, lakini lililosajiliwa kabla ya siku hiyo halitozwi nyongeza ya magari ya bei ghali, ambayo EV9 mpya inaangukia. Tarehe ya usajili pekee ilituokolea mamia ya pauni kila mwaka, na mtu anayetafuta lililotumika aiangalie kwa makini.

Shemeji yangu wa Mombasa ameniuliza kama linaweza kumfaa huko, maana usukani uko kulia na Kenya inaruhusu kuingizwa gari lililotumika lisilozidi miaka minane. Nilimjibu kwamba soketi ya pini tatu ya Kenya ni sawa na ya hapa, lakini kuchaji kwa soketi hiyo, kwa takriban kilowati 2.3, kutachukua karibu siku mbili kamili kutoka sifuri, kwa hiyo afunge chaja ya ukutani kwanza kisha ndipo aagize gari.

Nisiache kutaja uwezo wa kutoa umeme nje kwa adapta, kwa sababu umebadilisha siku zetu za mapumziko. Agosti iliyopita, kwenye ufuo wa Skegness, tulichomeka jiko la umeme la sahani moja, Bibi akapasha pilau aliyoipika alfajiri, tukachemsha maji ya maziwa ya pacha na chai ya tangawizi, na jioni betri ilikuwa imepungua asilimia mbili tu kwa mapishi hayo. Binti yetu alihesabu familia tatu zilizokuja kuuliza harufu ile inatoka wapi, na Bibi aliwapa wote sahani.