Uzoefu wangu na ramani za mtandaoni za gemu za kuigiza, tukiwa Mtwara na simu za kawaida

Wakuu salama? Leo nataka niongelee hizi programu za ramani za mtandaoni, zile za kuchezea gemu za kuigiza za mapango na majoka na wachawi, maana sisi huku kusini tunazitumia tangu mwanzoni mwa 2024 na kipindi kile nahangaika kutafuta mtu aliyeandika kwa Kiswahili zinakwendaje kwenye simu na bando la kuunga unga sikumpata hata mmoja.

Kwa asiyejua, hii ni gemu ya kusimulia. Mmoja anakuwa mwendeshaji, anashika hadithi na maadui wote, wengine kila mtu na mhusika wake, ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu ya nyuso 20. Inayojulikana kuliko zote ni Dungeons & Dragons, ilitoka Marekani mwaka 1974, na Januari 2023 wenyewe wakaziachia kanuni za msingi kwa leseni ya Creative Commons, ndo maana karatasi za wahusika nimezitafsiri kwa Kiswahili bila wasiwasi wowote. Mwendeshaji ni mimi.

Mwanzo tulikuwa tunakaa mezani, Shangani hapa Mtwara mjini, watu watano. Ramani nachora kwenye daftari la hesabu lile la viboksi, wahusika ni kete za bao, kiboksi kimoja ni futi tano yaani kama mita moja na nusu, na mtu wa kawaida kwa zamu moja anatembea viboksi sita. Halafu juu ya ramani naweka kanga ya mama. Wakifungua mlango naivuta kidogo wanaona chumba, wakipita ujia naivuta tena. Niamini, ile kanga ndo ilikuwa utamu wote wa gemu, mtu anainama kabisa kuchungulia, anaulizia kulia kuna nini, na mi sisemi. Kwa hiyo programu zote nilizojaribu baadaye nimezipima kwa kitu kimoja tu, je inafanya kazi ya ile kanga, na je inaifanya kwenye simu ya mtu aliyeko Newala?

Maana tulitawanyika. Mwalimu wetu akapangiwa Newala, dada mmoja ni muuguzi akahamia Lindi mjini, mwingine yuko Masasi kwenye ghala la korosho na msimu ukifunguliwa Oktoba huyo hata salamu anajibu usiku wa manane. Mtwara mjini tukabaki mimi na mdogo wangu. Tukasema basi gemu tuihamishie mtandaoni, kila Jumamosi saa tatu usiku.

Siku ya kwanza ilituuma sana. Nilichagua programu moja kubwa, jina naliacha kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo lilikuwa ramani niliyoipandisha, ngome nzuri mno, viboksi 40 kwa 30, kila kiboksi pikseli 140, yaani vile vidoti vinavyounda picha. Faili la PNG, MB 26. Mwalimu bando likaisha hajauona mlango wa kwanza, simu ya dada wa Lindi ikawa kioo cheupe tu kisha brauza ikajifunga yenyewe, akajaribu mara tatu ikajifunga mara tatu, akasema nyie endeleeni mi nalala. Nilijisikia vibaya kweli, mtu ametoka zamu ya mchana amechoka anataka acheze na wenzake anaishia kuangalia kioo cheupe.

Hapa nataka nikae kidogo manake ndo sehemu niliyojifunza zaidi na itamsaidia mtu. Mi nilidhani shida ni MB tu, nikaibana picha ikawa MB 3, bando likapona lakini simu ya dada ikaendelea kufa vilevile. Kumbe picha ikishafika kwenye simu inafunguliwa yote, kila pikseli inakula baiti nne za memori, haijalishi faili lilikuwa dogo kiasi gani. Piga hesabu, viboksi 40 mara 140 ni pikseli 5600, 30 mara 140 ni 4200, ukizidisha unapata zaidi ya pikseli milioni 23, hiyo ni karibu MB 94 za memori kwa picha moja tu, na simu yenyewe ina RAM ya GB 2 na WhatsApp inaendelea pembeni. Nikapunguza kila kiboksi kiwe pikseli 70, picha ikawa 2800 kwa 2100, memori ikashuka hadi robo, MB 23 na ushee. Kisha nikaihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha inayobana zaidi, badala ya PNG, faili likawa chini ya MB 1. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti yoyote, na dada wa Lindi akaingia, akakaa ndani saa mbili nzima bila kutoka. Kwa hiyo sheria yangu ni hiyo, pikseli 70 kwa kiboksi, WebP, na ramani isizidi viboksi 40 upande mrefu, ngome ikiwa kubwa naikata vipande naifanya ghorofa ghorofa.

Sasa programu zenyewe. Roll20 ipo tangu 2012, inafanya kazi kwenye brauza, ukijiunga bure unapata ramani na dadu na karatasi za wahusika humohumo, ni kama duka la kila kitu. Ule mwanga unaojiongoza, ambapo kila mhusika anaona kulingana na alipo na ukuta unamzuia, huo wakati tunajaribu ulikuwa wa wanaolipia kila mwezi au mwaka. Ukiwa na kikundi chenye laptopu, halafu mnataka kanuni zihesabiwe na kompyuta, hiyo inawafaa. Foundry yenyewe ilitoka 2020, unanunua mara moja basi, dola 50, huku kwetu ni zaidi ya laki moja, ila anayelipa ni mwendeshaji peke yake na wachezaji wanaingia bure kwa brauza. Kwa uwezo ni nzito hasa, kuta, milango, taa, sauti, vyote vimo. Lakini jua kwamba gemu inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, wenzako wanakuja kwako, umeme ukikatika kwako modemu ikazima na wao wametoka, au ulipie seva ikae nje. Kwa maisha ya Mtwara nikaona hiyo nitaisubiri kwanza.

Tuliyobaki nayo ni Owlbear Rodeo. Nyepesi, iko kwenye brauza, mwendeshaji anafungua chumba anatoa linki, wachezaji wanabonyeza linki wameingia, hamna kujisajili hamna kudownlodi kitu. Mwalimu kaingilia kwenye WhatsApp akiwa kwenye daladala ya Newala siku moja, nikashangaa tokeni yake, ile picha ndogo ya mhusika inayosogezwa kama kete, imetokea. Haikuhesabii kanuni, haijui jino la joka lina nguvu kiasi gani, ni meza tu na ramani juu yake. Mi hilo nalipenda. Kanuni ziko kichwani mwetu, karatasi ziko mikononi, dadu tunarusha za kweli na tunaaminiana.

Na ina kanga! Wao wanaita ukungu. Unachora umbo la ukungu juu ya chumba, wewe mwendeshaji unaona chini yake kwa mbali, wachezaji wanaona giza tupu, wakifungua mlango unabonyeza umbo moja linatoka chumba kinatokea. Mara ya kwanza nimefungua chumba usiku ule, kwenye simu kukawa kimya, halafu nasikia yule wa Masasi anavuta pumzi, "oya, kuna kitu pale kona". Ilikuwa sauti ileile ya meza ya Shangani. Ushauri tu, ukungu wa kila chumba uchore peke yake kabla ya siku ya gemu, usichore mmoja mkubwa halafu uanze kukatakata watu wanasubiri, utakosea utafichua chumba cha hazina, na kikishaonekana kimeonekana.

Kuhusu bando wengi wananiuliza. Ramani ikishashuka mara moja kazi kubwa imeisha, ukisogeza tokeni kinachotumwa ni namba za mahali ilipo, picha hairudiwi, kwa hiyo kinachokula data zaidi ni simu ya grupu ya WhatsApp tunayoongelea. Na uwe na akiba. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu intaneti ikazorota nchi nzima, sisi tulikuwa katikati ya vita na majini ya mtoni. Bahati ramani nilishawatumia mapema, tena kama dokyumenti sio kama picha ili WhatsApp isiiharibu, tukapiga simu ya kawaida ya kuunganisha watu, kila mtu anasema "nipo mraba wa saba kushoto, mstari wa nne", tukamaliza. Tangu hapo kila ramani yangu ina namba pembeni, juu na kushoto, hata kama intaneti iko safi.

Kuna jambo moja lilinikera kwa muda mrefu kwenye programu za kuchora ramani, michoro yake ni ya nchi za baridi. Misonobari, theluji, mapaa yamechongoka, kasri la mawe ya kijivu. Mikoko hupati, jahazi hupati, nyumba ya matumbawe na chokaa hupati. Wachezaji wangu wamekulia pwani, ukiwaambia mmefika bandarini wanaona Mikindani kichwani, halafu ramani inawaonyesha theluji. Nikaamua kuchora mwenyewe kwa Dungeon Scrawl, ya bure, ya kwenye brauza pia, inachora mistari ya nyeusi na nyeupe kama daftari, na picha za namna hiyo zinabanika zinakuwa ndogo sana.

Ramani niliyoipenda kuliko zote ni Husuni Kubwa. Nilienda Kilwa Masoko na mdogo wangu, tukachukua kibali, tukavuka na mashua hadi Kisiwani. Kwa wasiojua lile ni kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, limekaa juu ya mwamba linaangalia bahari, vyumba zaidi ya 100, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 enzi za sultani huyohuyo. Mi nilienda na daftari. Hatua mbili za mtu mzima ni karibu mita moja na nusu, yaani mraba mmoja wa gemu, kwa hiyo nilitembea ukuta kwa ukuta nahesabu, mdogo wangu anaandika, mlinzi anatuangalia mpaka akaja kuuliza, nilipomweleza akatuonyesha mwenyewe ngazi za kushukia baharini. Kuna bwawa la kuogea la pembe nane, hilo lilinisumbua kulichora maana miraba na pembe nane havipatani, mwisho nikazima ule mshiko wa gridi, unaovuta tokeni ikae katikati ya mraba, ili tokeni zikae popote pale ukingoni. Hazina niliyoficha ni sarafu za shaba za Kilwa, nimechukua kwenye habari ya kweli, ziliokotwa visiwa vya Wessel huko Australia mwaka 1944, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje.

Tokeni za maadui nazo ni za nyumbani. Baba mdogo anachonga mpingo, ana vinyago vya shetani vya kila aina, jicho moja, mdomo pembeni, miguu imejikunja. Nilivipiga picha juani kwenye shuka jeupe, nikakata duara, pikseli 200 kwa 200, KB chache tu. Nilitaka niweke na barakoa ya mapiko, ile ya ngoma za Wamakonde, baba mdogo akanikataza, akasema mwanangu hayo ni mambo ya jando, usiyafanye adui wa kupigwa. Nikamwelewa nikaitoa, na nawaomba wengine mnaochora vya kwetu muulize wazee kwanza.

Siku ya Husuni Kubwa watu wote walikuwepo, hata wa Masasi. Nikafungua ukungu ujia, chumba, ujia, chumba, halafu nikaondoa ule wa pembe nane. Dada wa Lindi akakaa kimya, kisha akasema, "Kaka, hapa nimeshawahi kukaa, tulikuja na shule, nilikaa ukingo huu wa kulia." Akaisogeza tokeni yake mwenyewe mpaka pale alipokaa, na wengine wakamfuata kukaa mmoja mmoja, maadui nikawaacha wasubiri kwanza.

Jumamosi hii kwenye gemu tunavuka kwenda Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu jirani na Kilwa. Ramani tayari, KB 700, ukungu nimeshachora chumba kwa chumba, linki natupia kwenye grupu saa mbili na nusu.