Daktari alinicheka, na bado nina hasira naye

Kama unatafuta daktari wa upasuaji hapa Kisumu mwenye ulimi mtamu, huyu mpite mbali. Jina simtaji.

Kifua kimeniwaka karibu miaka mitatu. Kiungulia, kikohozi kikavu cha usiku, na kitu kama tonge la ugali lililokwama kooni. Omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, nimemeza mpaka muuza dawa wa Kondele akiniona tu ananyoosha mkono kwenye rafu. Binamu yangu alipasuliwa, leo anakula ngege wa kukaanga usiku na kulala chali. Nami nikachanga pesa.

Nilipanga foleni tangu asubuhi. Kuingia, hata keti sikuambiwa. Swali lilikuwa moja: "Dawa inakusaidia?" Nikasema hata kidogo, ndiyo maana niko hapa. Akacheka! Mbele ya mwanafunzi wake. "Basi mzee, huenda hata kisu kisikusaidie."

Eti anayepata nafuu kwa dawa ndiye upasuaji humfaa zaidi. Nikaona ni dharau tupu. Mantiki yenyewe nilipewa na muuguzi kwenye korido: dawa hupunguza asidi, upasuaji huviringisha sehemu ya juu ya tumbo kuzunguka mwisho wa umio, ule mrija wa chakula utokao kooni, ili asidi isipande. Kama kuipunguza hakukutulizi, pengine mwizi si asidi. Dakika mbili tu! Yeye alishindwa na nini?

Akanituma Nairobi kupimwa. Wiki nzima bila dawa, sitaki kuikumbuka. Kisha mpira mwembamba puani hadi kwenye umio, umebandikwa shavuni kwa plasta, mashine kiunoni, saa 24. Nikalala kwa dada yangu. Mtoto wake akanizunguka mara mbili, akauliza, "Mjomba, unachajiwa?"

Majibu: asidi yangu inapanda kama ya mtu yeyote asiye mgonjwa. Binamu yangu yake ilikuwa imepita kiasi, na dawa ilikuwa ikimtuliza, ila akiiacha tu moto unarudi.

Nimesoma baadaye kuhusu utafiti wa Marekani wa 2019. Wanajeshi wastaafu 366 waliolalamika dawa imeshindwa walichujwa. 42 walipata nafuu walipoimeza inavyotakiwa, 99 kiungulia chao hakikuwa cha asidi wala ugonjwa wa umio. Waliofika mwisho wa mchujo ni 78, na kati ya waliopasuliwa, asilimia 67 walifaidika. Kumbe mtu ambaye dawa imemkataa anaweza kufaa, mradi vipimo vimshuhudie. Hilo nalo hakunieleza.

Kwa hiyo alama nampa ngapi? Nilitaka kumpa sifuri. Lakini yule mwingine niliyemwona kabla yake alikuwa ameshaniandikia gharama za upasuaji bila kipimo hata kimoja, tena akinitabasamia na kuniitia chai. Haya, huyu mpeni nne. Tatu. Mwezi ujao narudi kwake, na safari hii naketi kabla hajafungua mdomo.